Mkunga Aliyesoma Damu ya Landi

Wengi waliokaa landi ya Nakuru miaka ya hamsini, katika zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, wanamkumbuka kwa watoto aliowapokea. Ukikutana nao leo watakwambia, "Mimi nilizaliwa mikononi mwa Mkunga," na hawataongeza jina, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mkunga kwa wake za mafundi na Mkunga kwa wake za makarani. Mimi nilizaliwa kabla hajafika, kwa hiyo mikono yake sikuijua kwa njia hiyo. Namkumbuka kwa kazi yake nyingine, ile iliyofanya apendwe na wachache na kuogopwa na wengi. Alisoma damu.

Hakukuwa na uganga wowote ndani yake. Daktari mmoja Mzungu wa zahanati, kijana aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao, alimfundisha kutumia hadubini, kisha akaondoka na kumwachia chombo na kazi. Alikuchoma kidole, akaweka tone la damu juu ya kioo, akaongeza tone la dawa, akafunika kwa kioo kingine chembamba na kuziba kingo kwa mafuta ya kupaka ili hewa isiingie. Halafu mkangoja. Kwa watu wengi chembe za damu zilibaki mviringo. Kwa wengine, hewa ilipoziishia pale chini ya kioo, zilijikunja zikawa nyembamba na zenye ncha, kama mundu wa kukatia ngano. Hilo la kujikunja yeye aliliita alama.

"Alama si ugonjwa," alikuwa akisema kwa kila aliyekaa kwenye benchi lake. "Unaweza kuwa nayo mpaka uzeeke usiugue hata siku moja. Lakini kaa hapo nikueleze, usikimbie."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji mengi utotoni. Alinuka sabuni ya hospitali na ugoro. Ugoro ule ulitushangaza, maana alikuwa mkali wa usafi kupita kiasi. Aliwahi kumfukuza baba wa mtoto mchanga nje ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu ya sigara, kisha yeye mwenyewe akaenda nyuma ya choo, akafungua kikopo chake na kupiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Ukimwuliza alijibu, "Mimi sinyonyeshi."

Aliishi landi miaka yote ile, treni zikipita mbele ya mlango wake usiku na mchana, na hakuwahi kupanda hata moja. Aliogopa. Akitakiwa Gilgil alipanda lori la pareto, akakaa mbele na dereva, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Mwanamke aliyeingiza mkono ndani ya tumbo la mwenzake kumgeuza mtoto hakuweza kukaa ndani ya behewa. Hakulionea haya. "Kila mtu na chake," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Na hakuwa mpole. Hilo lazima niliseme, kwa sababu kwenye mazishi na harusi watu humpaka asali. Alikuwa mpole kwa mtoto mchanga na kwa mtu aliye katika maumivu. Sisi wengine alitugombeza. Pale bombani aligombana na karibu kila jirani, na akikosa alikuwa mzito kuomba radhi.

Nyumbani kwetu aliingia kwa sababu ya kaka yangu Zakayo na mkewe Rispa.

Zakayo alikuwa fundi wa mabehewa. Baba yetu alikuwa amefariki, na Mama alikaa nasi pale landi, mimi nikifundisha watoto wadogo shule ya karibu. Rispa alizaa mtoto wa kwanza, mtoto huyo akafa kabla ya kutembea. Akazaa wa pili, msichana, na huyo alifika umri wa kuimba. Vidole vyake vilikuwa vikivimba ghafla, macho yakawa ya manjano, akilia kwamba mifupa inamuuma. Naye akafa. Wa tatu alikuwa Meshaki. Alipotimiza mwaka, asubuhi moja tulimkuta viganja vimefura kama andazi.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa kanisa, na sijui hata leo maneno yale aliyatoa wapi. Alisema Rispa ana mkono mbaya. Alisema kwao Rispa kuna jambo walilificha wakati wa mahari. Alianza kupika chakula chake peke yake. Mwisho akamwambia Zakayo, mbele ya Rispa, kwamba mwanamke huyu arudishwe kwao kabla hajaimaliza nyumba. Zakayo hakujibu. Ndiyo maana mimi nilikwenda kumwita Mkunga, kwa sababu kaka yangu hakujibu, na nilimwona Rispa akikunja nguo za mtoto polepole kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Akamshika Meshaki, akambonyeza tumbo upande wa kushoto, akamtazama macho. Akamtoa damu Rispa. Akamtoa Zakayo. Kisha akamgeukia Mama.

"Leta kidole, mama."

"Mimi? Mimi si mgonjwa. Damu yangu unataka ya nini?"

"Rispa pia si mgonjwa, na yake nimechukua."

Mama alinyoosha mkono kwa kiburi, kama mtu anayeonyesha pete.

Siku hizo ile dawa ya kuharakisha chembe zijikunje ilikuwa imekwisha, ikabidi vioo vingoje mpaka kesho yake. Tukaenda zahanati wote. Mkunga alimkalisha Mama mbele ya hadubini, akamwonyesha namna ya kufumba jicho moja, akaweka kioo cha kwanza.

"Unaona nini?"

"Vitu vidogo. Vingine vimepinda."

"Hiyo ni ya Rispa. Sasa angalia hii."

"Imepinda pia. Si ni ile ile?"

"Hiyo ni ya Zakayo."

Mama aliinua kichwa, akamtazama mwanawe. Mkunga akaweka kioo cha tatu. Mama aliinama, akatazama kwa muda mrefu sana. Mabega yake yalishuka. Hakuuliza ni ya nani.

Mkunga alivuta kibao akakaa karibu naye, akazungumza kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Kila mtu, alisema, ana mafungu mawili ya jambo hili, moja la mama na moja la baba. Mwenye alama ana fungu moja lenye kupinda na moja zima, na lile zima linamtosha kuishi. Akizaa, anampa mtoto fungu moja tu, na hachagui lipi. Rispa anaweza kutoa zima au lililopinda. Zakayo vivyo hivyo. Mtoto akipata mazima mawili, yuko huru. Akipata moja la kupinda, yuko kama wazazi wake. Yule anayepata yote mawili yaliyopinda, huyo ndiye Meshaki.

"Kwa hiyo ni mimi nimelileta," Mama alisema.

"Hukulileta. Ulipewa na mzazi wako, naye alipewa. Ulimpa Zakayo bila kujua, kama ulivyompa pua hiyo."

Mama hakuomba msamaha. Sikuwahi kumsikia akiomba. Lakini jioni ile aliingia chumbani kwa Rispa, akamchukua Meshaki mapajani, akamwambia Rispa, "Lala, mama. Leo mimi nitakaa naye." Sufuria yake ndogo ya kupikia peke yake niliikuta nje siku chache baadaye, imetiwa maji ya kuku kunywa.

Meshaki aliishi miaka sita. Mkunga alitufundisha kumpa maji mengi, kumkinga na baridi ya Julai, kumpa vidonge vya malaria bila kuruka, na kumkimbiza hospitali akianza kupauka. Alitwambia pia mapema kwamba haya yatamrefushia maisha tu, hayatamponya. Mtoto yule alipenda kuhesabu mabehewa. Alifia mapajani mwangu, mchana, Rispa akiwa ameenda kuchota maji, na ni mimi niliyetoka nje kwenda kumwambia. Baadaye Rispa na Zakayo walipata Dina, na Dina yuko mzima mpaka leo.

Watu walimwuliza Mkunga maswali ambayo kioo hakingeweza kuyajibu, na hapo ndipo nilipojifunza kumheshimu. Mume mmoja alitaka kujua kama damu ingemwambia mtoto ni wake. Mkunga alimweleza kwamba alama inaweza kusema huyu si wako, ikiwa mtoto anayo na wazazi wote wawili hawana. Kusema huyu ni wako haiwezi, kwa sababu nusu ya landi wanayo. Yule mume aliondoka amekasirika. Alikuwa amekuja kutafuta jibu moja tu.

Maneno mabaya yakaanza. Majirani waliotoka nyanda za juu, ambao alama hii ilikuwa nadra kwao, walianza kuiita ugonjwa wa watu wa ziwa, yaani sisi tuliotoka kando ya ziwa kubwa la magharibi, na kuwaonya vijana wao wasioe upande wetu. Mkunga aliposikia alisimama pale bombani, ndoo mkononi.

"Mnajua kwa nini watu wa ziwani wanayo?" aliuliza. "Kwa sababu ya mbu. Madaktari wamepima sehemu nyingi. Penye malaria kali, alama ni nyingi. Palipo na baridi, ni chache. Inaelekea mtoto mwenye fungu moja la kupinda, malaria haimmalizi haraka. Wale wasio nayo walikufa wadogo, hawa wakabaki wakazaa. Nyinyi mlizaliwa kwenye baridi, basi. Mshukuru baridi."

Mama yangu alikuwa kwenye foleni. Ndugu zake wanne walikufa kwa homa wakiwa watoto na yeye peke yake akabaki, na maisha yake yote alijiuliza kwa nini. Aliweka ndoo chini. Nilimwona akitazama mikono yake.

Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha damu cha kuipinga, na damu ilikuwa neno zito. Siku moja Mkunga alikuwa akipeleka vichupa vya damu hospitali kubwa. Ilikuwa damu ya watoto watatu, na ya mama mmoja aliyengoja kupasuliwa na ambaye kundi lake la damu lilitakiwa kujulikana kwanza, asije akaongezwa damu isiyopatana na yake. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua mfuko wake.

"Damu hii ya nini? Ya kiapo?"

"Ya wagonjwa. Soma karatasi zilizobandikwa."

"Wewe kaa chini."

Alikaa chini, juani, tangu asubuhi mpaka mchana, karibu na wanawake wengine waliokamatwa kwa kukosa vibali. Aliomba jambo moja tu, mfuko uwekwe kivulini. Haukuwekwa. Daktari wa hospitali ile alipokuja kumtoa, damu ilikuwa imeharibika, ikabidi arudi landi kuwachoma watoto wale tena. Mmoja wao alipomwona mlangoni alijificha chini ya kitanda akapiga kelele. Yule mama alipimwa upya wodini, akapasuliwa jioni, akapona. Lakini Mkunga alipoisimulia habari hii, na aliisimulia mara chache, hakumtaja sana askari. Alimtaja yule mtoto chini ya kitanda. Kesho yake alipita njia ile ile, akafungua mfuko kabla hajaambiwa, akasema, "Tazama vizuri, maana nitapita kila wiki."

Lipo jambo moja ambalo wanaomsifu hawalijui au hawapendi kulikumbuka. Mzee mmoja wa kanisa alimwomba apime kila msichana na mvulana anayetaka kufunga ndoa, na majibu yatangazwe pamoja na majina yao. Alikataa kata kata. Alisema habari ya damu ya mtu ni ya mtu mwenyewe, na hatakuwa mwanamke wa kuvunja posa za watu. Wengi wetu tulimsifu kwa hilo, hata mimi.

Mwaka uliofuata tulihudhuria harusi ya binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkunga alikuwepo, alikula, aliimba. Mtoto wao wa kwanza alipofura viganja, binti yule alikwenda mpaka mlangoni kwa Mkunga, mtoto akiwa mgongoni. Nilikuwa pale, nimepeleka unga.

"Ulinipima nikiwa shule," alisema. "Na mume wangu ulimpima alipoumia kazini. Wote wawili ulitupima. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuja ukala wali wangu?"

Mkunga alisimama mikono imening'inia. "Kila mmoja wenu nilimwambia yake. Nilidhani mtaambiana."

"Hatukuambiana."

"Naona."

Hakujitetea zaidi. Alimtunza mtoto yule kama alivyomtunza Meshaki, akienda bila kuitwa, na yule mama akimfungulia mlango bila kumsalimu. Tangu hapo alibadilika. Bado hakutangaza habari ya mtu kanisani wala bombani, lakini kijana yeyote aliyekutwa na alama aliambiwa, "Siku utakayopata mchumba, mlete hapa kabla ya mahari. Usipomleta nitakufuata mpaka umlete." Na aliwafuata. Alimfuata mmoja mpaka Njoro, kwa lori.

Mimi nilikuwa na alama. Nilijua tangu mwaka alioanza kuugua Meshaki, Mkunga aliponipima nami.

Elisha alikuwa mwalimu mwenzangu, mtu wa Kakamega, mcheshi, mwenye sauti nzito ya kuimbisha kwaya. Muongo ule ulikuwa unaelekea mwisho, na kwao walikuwa wameanza kuulizia mahari. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, sikungoja kufuatwa. Alitoa kidole akicheka. Dawa ya kuharakisha ilikuwepo siku hiyo, na katika nusu saa ile alitusimulia mwanafunzi aliyemwandikia kwamba mji mkuu wa Kenya ni Menengai, mlima ule ulio juu ya mji wetu. Mkunga alicheka naye. Halafu akainamia hadubini.

Alitazama. Akafuta kioo cha jicho kwa kitambaa. Akatazama tena.

"Mwalimu, njoo uone."

Elisha aliona. Alisikiliza maelezo yote ya mafungu mawili, akaitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo kila mimba, bahati tatu nzuri na moja mbaya," alisema. "Si vibaya hivyo. Wakulima wa huku hupanda kwa bahati ndogo kuliko hiyo."

"Ni kweli," Mkunga alisema. "Na kila mimba inaanza hesabu upya. Nimeona watu wenye watoto watano wazima. Nimemwona Rispa pia."

"Wewe ungefanyaje?" nilimwuliza.

Nilitaka akatae kujibu. Alinitazama moja kwa moja. "Mimi nisingeolewa naye."

Tulitoka. Elisha alizungumza njia nzima, maneno mazuri, na naamini aliyamaanisha. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto mapajani mpaka akapoa, na hilo yeye hakuwahi kulifanya. Tulifika kwenye njia panda ya shule, vumbi jeupe la ziwa la Nakuru likipeperuka, nikamwambia hapana. Alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kugeuka.

Haya ya baadaye nayasema hapa ili nisiyachanganye na yale ya jioni ile. Elisha alioa kwao na alipata watoto. Mimi niliolewa miaka kadhaa mbele na mwanamume mtulivu asiye na alama, na wawili kati ya watoto wetu wanayo, na walijua kabla ya kujua kusoma. Sikuishi kwa majuto. Lakini jioni ile sikujua lolote kati ya hayo.

Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa Mkunga. Sikubisha hodi. Alikuwa jikoni, ameinama juu ya makaa, mizigo yake imefungwa kwa kamba ukutani, maana alikuwa amestaafu na mwisho wa mwezi angehama. Sikujua hilo. Hakuna aliyeniambia, na wala sikumwuliza anahamia wapi. Haikupita wiki akawa ameondoka, na sikumwona tena.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Nimemwambia."

Alisonga ugali wake mpaka ukaiva, akaupindua kwenye sahani. Alileta maji, akanimwagia mikononi kama mgeni.

"Unanichukia?"

"Leo, ndiyo."

"Haya," alisema, akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Nichukie ukiwa umeshiba."

Nilikaa. Mboga ya sukuma ilikuwa kidogo, na aliisogeza yote upande wangu. Hakunishika bega, hakuniambia nitapata mwingine, hakumtaja Mungu. Alimega tonge lake akala, akitazama moto, akiningoja. Baada ya muda nami nikanyoosha mkono.